Moshi wanaosema umeoshwa

Baraka, Jumamosi jioni.

Mvua haikunyesha. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, kama mgeni asiyetaka kuingia wala kuondoka, joto limetubana, na ziwa limetulia kwa namna inayotia wasiwasi. Mikono yangu nimeiosha kwa sabuni, nikaiosha kwa ndimu, nikaisugua kwa majivu. Bado inanuka damu.

Nitaanza na kichujio, maana ndicho kilicholeta mambo yote ya leo.

Wanaopitia ukurasa huu wanajua kwamba nafundisha kemia Fizi-Centre, kule juu milimani, na kila mwisho wa juma nashuka Baraka kwa pikipiki, nalala kwenye nyumba aliyotuachia mama. Wasichokijua ni kwamba muda mrefu sasa nimekuwa nikihangaika na mgomba. Nachukua shina la mgomba uliokwisha kukatwa ndizi, lile ambalo watu hulitupa lioze. Nalichana nyuzi, nazichemsha na soda kali ya kutengenezea sabuni mpaka takataka zote zitoke ibaki selulosi, yaani ule uzi wenyewe unaousimamisha mmea. Naosha, natwanga, napata uji mweupe. Ule uji nautia kwenye frigo ugande. Barafu inapokua ndani yake inausukuma uzi pembeni na kujitengenezea vyumba. Halafu nailoweka katika lutuku kali, ile pombe ambayo wengine wanainywa na mimi naitumia kufukuza maji, kisha naanika. Kinachobaki ni sifongo jepesi, jeupe, lenye vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Nakata kipande, nakizungushia karatasi, nakichomeka nyuma ya sigara.

Na kinafanya kazi. Moshi ukipita, lami ya kahawia inabaki humo ndani, na baadhi ya zile gesi zinazochoma koo zinanata kwenye kuta za vitundu. Upande wa pili moshi unatoka laini, karibu hauna harufu. Siku ya kwanza nilipouona hivyo nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Lakini kuna gesi moja isiyonata. Monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Inapita kwenye selulosi yangu kama sisimizi anavyopita kwenye ua wa matete. Ikifika mapafuni inakaa kwenye damu mahali ambapo hewa njema ingekaa, na ikishakaa haiondoki upesi. Jambo hilo sikulificha. Kila aliyeuliza nilimwambia.

Nilimwambia, ila kwa upole mno. Kwanza nilieleza kinachonaswa, na watu walifurahi, na mimi nikafurahi kwa kuwa wamefurahi. Nilipofika kwenye kisichonaswa walikuwa wameshaanza kuzungumza wao kwa wao.

Mmoja wa hao alikuwa Papa Alimasi.

Papa Alimasi ana boti za mashine na duka kubwa karibu na soko, na ndiye mwenye frigo ninalogandishia. Ni mtu wa msikiti, mwenye maneno machache, havuti sigara na hajawahi kuvuta. Baba yake alichimba dhahabu Misisi akiwa kijana, alivuta maisha yake yote, na alikufa akikohoa mbele ya watoto wake. Papa Alimasi aliniuliza ninagandisha nini humo kwenye frigo lake, nikamweleza. Kisha akasema vijana wa machimbo hawataacha sigara hata uwahubirie namna gani, lakini pengine wangekubali kuwekewa hiki. Akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kukitengeneza. Nilimwonyesha. Akawachukua bamama wawili wanaofanya kazi uani kwake, nikawafundisha, na walijifunza vizuri. Mimi nikapanda zangu Fizi kufundisha, nikiamini kwamba wanajaribu tu.

Jana nilipokuwa nashuka, dereva wa pikipiki aliniambia huku anakata kona kwamba mimi sasa ni mtu mkubwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sokoni Baraka wanatangaza kwa spika sigara ya moshi uliooshwa, na wanasema imetengenezwa na prof wa Fizi, binti wa Baraka.

Moshi uliooshwa. Njia nzima nilikuwa nalirudia neno hilo.

Bado nilijipa moyo. Nilisema kesho nitakwenda kwa Papa Alimasi, tutazungumza, atarekebisha tangazo. Nililala na wazo hilo.

Asubuhi, kabla sijachemsha hata chai, Nabindu akaja. Nabindu ni mke wa kaka yangu Wilondja. Ana mimba iliyokwisha kuwa kubwa, anatembea ameweka mkono kiunoni. Alikuwa amebeba sahani ya ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyekuja kushukuru.

Hapa lazima niseme habari ya Wilondja. Ni mkubwa wangu, fundi wa mashine za boti, mtu wa mzaha, mikono imejaa grisi hata siku ya Pasaka. Alivuta tangu ujana wake. Kabla ya mvua hizi kuanza alishikwa na maumivu ya kifua akiwa ufukweni, wakamkimbiza kwa daktari, na daktari akamwambia wazi kwamba aache la sivyo moyo utamwacha yeye. Akaacha. Ilikuwa vita, alinuna, aligombana na kila mtu, alitafuna vijiti vya mswaki mpaka ufizi ukatoka damu. Lakini aliacha. Mimi mwenyewe nilimshangilia.

Basi Nabindu akakaa kwenye mkeka, akaweka sahani mbele yangu, akasema, "Wifi, Mungu akubariki. Tangu Papa Alimasi alimupatia ile filtre yako, anavutaka ndani ya nyumba, na hatusikie hata harufu."

Nilimuuliza anazungumza juu ya nani. Nilijua, lakini niliuliza.

Akanieleza yote kwa utulivu. Papa Alimasi alimpa Wilondja vichujio vya kwanza kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu kila mtu alijua alivyoteseka kuacha. Wilondja alisita. Kisha akasema kama dada yake ndiye aliyekitengeneza, na dada yake anajua kifua chake kilivyo, basi hicho ni dawa. Akaanza na moja jioni. Mvua zilipozidi akawa anavuta ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu na upepo. Zamani Nabindu angemfukuza, maana moshi ulikuwa unamtapisha. Sasa hausikii. Anakaa karibu naye, wanazungumza majina ya mtoto.

Halafu akasema, kama jambo dogo tu la kumalizia habari, kwamba siku hizi kichwa kinamuuma kila anapoamka, ila ni mimba, mimba hii imekuja na mambo yake.

Nilitazama ndakala kwenye sahani. Sikuweza kula hata mmoja.

Sikumwambia pale pale. Nilimwambia tu afungue madirisha leo, yote, na asikae na Wilondja anapovuta, nitakuja kueleza. Aliona uso wangu umebadilika. Alishika tumbo lake, akaondoka.

Nilikwenda kwa Papa Alimasi nikitembea upesi hadi kanga ikanifunguka njiani. Nilimkuta uani anasimamia kufunga mizigo. Katoni zilikuwa zimepangwa ukutani, na juu ya kila moja mtu ameandika kwa rangi nyekundu: MOSHI SAFI. Kesho asubuhi pikipiki zilikuwa zinapanda Misisi.

Nilimweleza kuhusu Nabindu. Nilimweleza kuhusu Wilondja. Nilimweleza tena kuhusu ile gesi, safari hii bila upole. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosikiliza watu wote. Kisha akachukua kichujio kilichotumika kutoka kwenye kopo, akakipasua kwa kidole gumba, akanionyesha ule weusi ndani.

"Prof, hii mi naiona na macho," akasema. "Hiyo gaz yako, iko na rangi?"

"Hapana."

"Iko na harufu?"

"Hapana."

"Sasa bantu bataamini je kama iko?"

Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kwa dhati. Nina diploma, nina vitabu, lakini sina kifaa hata kimoja cha kupimia gesi, si hapa wala Fizi. Nilisimama kwenye ule uwanja, jua linanichoma utosi, bamama wawili niliowafundisha wananitazama wakiwa na uji mweupe mikononi. Mmoja wao aliacha kukoroga.

Ndipo nikafikiria damu.

Kuna jaribio la zamani ambalo wakemia walilitumia kabla ya mashine. Damu ya kawaida ukiichanganya na maji kisha ukatia soda kali, inageuka rangi mbaya, kahawia yenye ukijani, kama maji ya mfereji. Lakini damu iliyokwisha kukamatwa na monoksidi haigeuki hivyo. Inabaki nyekundu. Nililisoma nikiwa mwanafunzi Bukavu na sijawahi kulifanya. Nilimwambia Papa Alimasi anipe mpaka mchana. Akasema atanipa, lakini kama sitamwonyesha kitu, mizigo itapanda.

Nilikwenda machinjioni. Mchinjaji alikuwa anamaliza mbuzi, nikamwomba damu. Aliuliza ya kupika au ya uganga. Nikamwambia ya shule, akacheka, lakini aliikoroga kwa kijiti muda mrefu ili isigande, akanijazia chupa. Soda nilikuwa nayo. Kwenye duka la dawa nikapata mipira ya dripu na bomba kubwa la sindano. Kwa Wilondja nilipita mwisho, kwenye karakana yake ufukweni, nikamwambia aje kwa Papa Alimasi na aje na sigara zake. Alidhani ni kwa ajili ya kutangaza kichujio. Alinawa mikono, akavaa shati safi.

Hilo shati safi lilinikata maini.

Tulikusanyika uani: Papa Alimasi, Wilondja, bamama wawili, wafunga mizigo, na Nabindu ambaye sikuwa nimemwita. Papa Alimasi alipoiona damu alirudi nyuma hatua kadhaa, akaomba tuisogeze mbali na mahali anaposalia, kisha akasimama pale pale alipo, macho kwenye meza.

Nilipanga chupa tatu zenye maji na damu kidogo, rangi moja. Kwenye ya kwanza nitapitisha hewa tu. Kwenye ya pili moshi wa sigara tupu. Kwenye ya tatu moshi wa sigara yenye kichujio changu. Kila chupa ina mipira miwili kwenye kizibo: mmoja unazama ndani ya damu na kushika sigara upande wa nje, mwingine unakwenda kwenye bomba. Ukivuta bomba, sigara inavutwa kana kwamba kuna mtu.

Nilivuta. Mapovu yalikuja machache. Nilivuta tena na tena mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha nikatia soda, moja baada ya nyingine.

Zote tatu ziligeuka kahawia.

Kisha mfunga mizigo mmoja akacheka puani. Wilondja aliinua kichujio juu akawaambia watu kwamba dada yake anaijua kazi yake kuliko anavyojiamini, na wakacheka wote, bila ubaya wowote. Papa Alimasi hakucheka, lakini aliinama akaanza kuifunga kamba ya katoni iliyokuwa karibu.

Kuna sehemu yangu, na hili naliandika kwa aibu, iliyofurahi. Sehemu hiyo ilisema: labda umekosea, labda selulosi inakamata kila kitu, labda wewe ni mtu mkubwa kweli. Nilitaka kukusanya chupa niende nyumbani nikale wale ndakala.

Kilichonizuia ni sigara ile tupu. Hata hiyo, isiyo na kichujio, haikuiacha damu nyekundu, na hilo halikuwezekana. Niliitazama sigara yenyewe. Ilikuwa ndefu bado. Haikuungua hata robo. Nilivuta na kuvuta, na sigara haikuisha. Basi nilikuwa navuta nini? Nilipitisha kidole kilicholowa kuzunguka kizibo na nikahisi upepo mdogo. Hewa ilikuwa inaingia pembeni ya mipira. Nilikuwa nimeinywesha damu hewa ya uani.

Nilimwomba mama mmoja tonge la bugali. Alidhani nina njaa. Niliukanda, nikaziba pembeni za mipira yote, nikakandamiza mpaka pakawa pagumu. Nikamwaga damu mpya. Safari hii nilimpa Wilondja bomba avute yeye, kwa sababu nilitaka awe yeye.

Alivuta taratibu, kama mtu anayeijua kazi hiyo. Sigara iliwaka ncha nyekundu, ikala karatasi yake vizuri, na mapovu yakapanda ndani ya damu kama maji yanayoanza kuchemka. Kwenye chupa ya pili moshi ulitanda juu, mnene, wa njano. Kwenye chupa ya tatu ulikuwa kama ukungu mwembamba tu. Watu waliliona hilo, wakanong'onezana kwa kuridhika. Hata Papa Alimasi alitikisa kichwa kukubali. Ungeapa kwamba chupa ya tatu ni salama.

Nilitia soda kwenye ya kwanza, yenye hewa tu. Ikageuka ile rangi ya mfereji.

Nilitia kwenye ya pili. Ikabaki nyekundu, nyekundu ya pilipili iliyoiva.

Nilishika kijiko juu ya chupa ya tatu na nikasita, si kwa ajili ya kuwatisha, ila kwa sababu sikutaka kujua. Nikatia.

Nyekundu.

Niliinua chupa mbili pamoja zikapigwa na jua. Hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Papa Alimasi alisahau umbali wake akasogea mpaka mezani. Aliniomba nirudie na vichujio viwili vilivyofuatana. Nikarudia. Akaomba vitatu. Wilondja alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, maana hewa ilikuwa inapita kwa shida, na moshi uliofika kwenye chupa ulikuwa karibu hauonekani. Soda. Nyekundu ile ile.

Mama mmoja aliweka chini bakuli la uji mweupe, polepole.

Nabindu ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama nyuma ya watu wote, sauti yake ikatoka ya kawaida kabisa.

"Na mutoto?"

Niligeuka. Ningependa kumpa jibu refu, lenye labda na pengine, kwa kuwa labda zipo na pengine zipo, na moshi uliobaki chumbani si sawa na moshi wa mtu anayeuvuta mwenyewe. Lakini aliniuliza swali fupi.

"Mutoto anapumua mu damu yako," nikamwambia.

Alitazama zile chupa. Kisha akatoka kwenye lango, anatembea upesi kuliko nilivyodhani mwanamke mwenye tumbo lile anaweza.

Wilondja alikuwa bado ameshika bomba. Aliliweka mezani kwa uangalifu kama chombo cha mtu mwingine. Nilijaribu kumshika mkono. Akauondoa.

"Mi niliacha," akasema. "Ulinishangilia. Nilirudia juu ya jina yako."

Naye akaondoka, upande wa ziwa, shati lake jeupe limelowa jasho mgongoni. Sikumfuata. Maneno yake yalikuwa ya kweli.

Tulibaki Papa Alimasi na mimi na katoni zake. Alikaa juu ya mojawapo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Alisema baba yake alikuwa akiwaambia kwamba sigara ya asubuhi ndiyo inayokwaruza, za baadaye ni laini, na kwamba amekuwa akifikiri kama tu angeweza kuifanya ile ya asubuhi nayo iwe laini. Akatoa simu, akampigia mtu wake wa Swima, kijiji cha wavuvi pembeni ya ziwa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mzigo uliokwisha kwenda Swima kwa boti siku chache zilizopita. Nilimsikia anamwambia asiuze tena hata kimoja. Nikaona anasikiliza, anafumba macho. Akaninong'oneza kwamba vimekwisha vyote. Wavuvi wamevipenda, wanavuta ndani pamoja na wake zao na watoto, na wanauliza vingine vinakuja lini.

Papa Alimasi alikata simu. Aliwaambia wafunga mizigo warudishe katoni ndani, akafunga mlango wa stoo yeye mwenyewe. Kuhusu Misisi hakunihakikishia chochote, na sikumdai. Alisema tu kwamba kesho boti moja itakwenda Swima, na kwamba yeye atasema alichouza, na mimi niseme kilichomo, kwa sababu mtu mmoja peke yake hawatamwelewa. Akaniomba nilete damu.

Alasiri nilikwenda kwa Nabindu. Madirisha yote yalikuwa wazi, mlango wazi, pazia limefungwa fundo juu. Alikuwa ametoa nje godoro, mashuka, na nguo za mtoto alizokwisha kuzishona, vyote vimeanikwa kwenye ua. Kiti cha Wilondja alikuwa amekitoa pia, akakiweka mbali, karibu na mti wa muwese, kimegeuzwa mgongo kwa nyumba. Hakunilaumu. Nilimsisitizia kwamba Jumatatu tutakwenda pamoja kwa daktari, na tutamwambia kila kitu, kichwa na moshi na vyote. Akakubali. Kisha akaniomba nimsaidie kukung'uta godoro, tukalipiga fimbo upande huu na upande ule mpaka tukachoka, na ndani ya lile vumbi mimi nililia kidogo. Nadhani aliona.

Wilondja alirudi jua linakaribia kuzama. Aliona nguo kwenye ua, akaona kiti. Alisimama pale kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akaenda akaketi kwenye kile kiti, mgongo kwa nyumba, kama kilivyowekwa.

Nilikuwa bado nipo. Nilimwona anatoa sigara mfukoni. Aling'oa kichujio changu kwa kucha akakitupa, akawasha ile tupu. Nilitaka kusema kitu. Nabindu alinishika kiwiko.

Alivuta mara moja, na kikohozi kikamkamata. Kilimkunja mpaka kichwa kikafika magotini. Ni muda mrefu sasa anavuta laini. Koo lilikuwa limesahau. Alipopata pumzi aliitazama ile sigara kwa muda, moshi unapanda wenyewe kati ya vidole vyake, unanuka vibaya, unanuka kama tulivyoujua tangu utotoni mwetu. Nilisogea mpaka nyuma yake. Hakugeuka.

"Hii inauma," akasema.

"Ndiyo."

"Ile ingine haikuumaka."

Akaikandamiza kwenye udongo ikiwa bado ndefu. Sijui kama ni ya mwisho, na naogopa kutumaini. Baadaye akauliza boti ya Swima inaondoka saa ngapi, na nani anaiendesha. Nikamwambia sijui nani. Akasema ile mashine ina tatizo, haitaki mkono wa mtu mwingine, ataiendesha yeye. Na kwamba kule ufukweni nisianze kuzungumza kabla yake, kwa maana wavuvi wanamjua.

Hakunitazama aliposema hivyo. Bado ana hasira, nami nadhani atakuwa nayo kwa muda.

Nimerudi nyumbani. Upepo umeanza, hatimaye. Labda mvua itakuja usiku na labda ziwa litachafuka kesho. Mchinjaji ameahidi kuniwekea damu alfajiri. Nina soda, nina mipira, nina tonge la bugali ndani ya mfuko. Nimejaribu kupanga maneno nitakayowaambia wanawake wa Swima na kila nikiyasema kwa sauti yanageuka kuwa darasa.

Sijui kama Wilondja atavuta njiani. Nitakaa mbele ya boti, nitazame maji. Sitageuka kumchunguza.